Barua Iliyorudishwa

Barua ilirudi ikiwa na mstari mwekundu juu ya jina. Nilikuwa nimeandika "Kwa Mchungaji Kiongozi", kama nilivyoandika kwa miaka yote tisa ya ukatibu wangu. Jumapili mbili kabla ya hapo alikuwa ametangazwa kuwa Mtume. Akakata neno Mchungaji, akaandika pembeni kwa mkono wake: "Rekebisha." Hakugusa kitu kingine.

Nikakaa kuiandika upya: "Kwa Mheshimiwa Baba Mtume." Kisha nikaisoma yote ili nione kama inaendana na kichwa chake kipya. Haikuendana. Aya ya tatu iliuliza habari za fedha za mfuko wa wajane, ambazo zilitolewa mara mbili bila sahihi ya mhazini. Chini ya "Mchungaji Kiongozi" aya hiyo ilikuwa swali la kawaida la katibu. Chini ya "Mheshimiwa Baba Mtume" ilionekana utovu wa adabu. Nikailainisha, nikaisoma, nikailainisha tena. Mwishowe nikaifuta kabisa, na barua ikaenda ikiwa fupi na imejaa heshima.

Hakuna aliyeniagiza niifute. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo sijaweza kuliona suala la majina ya heshima ya watumishi kama jambo dogo la watu wanaopenda kubishana. Nimewahi kukaa pande zote mbili za ubishi huu, na kila upande niliukaa kwa moyo wote.

Nililelewa katika kanisa ambalo mchungaji aliitwa Baba Mchungaji na mkewe Mama Mchungaji, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna la kujadili hapo. Mchungaji wetu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini mno kwa mhubiri. Ndiye aliyenifundisha mafundisho ya kipaimara. Baba yangu mzazi alipofariki, alikuja nyumbani akakaa nasi hadi alfajiri, na katika muda wote huo alisema labda sentensi nne. Nilipomwita Baba sikuwa natumia cheo. Nilikuwa naeleza kilichotokea.

Nikiwa na miaka 23 nilijiunga na ushirika wa waamini waliokusanyika bila mchungaji. Wote tuliitwa ndugu. Nilipenda sana unyofu wao, na nilipenda zaidi uhakika wao. Jumapili ya kwanza nilisikia Mathayo 23 ikisomwa kama vile sijawahi kuisikia: "Bali ninyi msiitwe Rabi, maana mwalimu wenu ni mmoja, nanyi nyote ni ndugu." Kisha mstari wa tisa, unaokataza kumwita mtu baba duniani. Aliyesoma alifunga Biblia akasema hakuna cha kufafanua hapo, ni kutii tu. Nikatii.

Nilitii vibaya. Miezi michache baadaye nilirudi kusalimia kanisa la utotoni. Mchungaji yule, sasa mzee, alikuwa ameanza kutembelea fimbo. Baada ya ibada alisimama mlangoni kama kawaida yake akiwapa watu mkono, na mimi, mbele ya mstari mzima wa watu, nikamwita "ndugu" na jina lake tupu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka aulize sababu ili nimfungulie Mathayo 23. Watu waliokuwa nyuma yangu walinyamaza.

Hakuuliza sababu. Alinishika mkono kwa muda, akasema kwa sauti ile ya chini: "Ndugu ni jina kubwa, mwanangu. Umekuja kunipa, au umekuja kunivua kitu?" Kisha akaniuliza habari za mama.

Sikuwa na jibu, na kwa miaka miwili nilijiambia kwamba swali lake lilikuwa la kukwepa Neno. Halikuwa la kukwepa. Alikuwa amegusa mahali hasa ambapo Yesu aligusa, maana sura ile yote inawahusu watu wanaopenda viti vya mbele, kusalimiwa masokoni na kuitwa Rabi. Wenye kosa pale ni wanaokula sifa. Mimi pale mlangoni nilikuwa nakula sifa ya mtu asiyejali vyeo, na nilikuwa nailia kwenye sahani ya mzee.

Nilianza kusoma. Kwanza niligundua kwamba katika mistari ile Yesu anayataja majina matatu, siyo moja: rabi, baba, kiongozi. Rabi analieleza mwenyewe kwa neno mwalimu. Sasa katika ushirika wetu, ambao ungemkemea mtu kwa kutamka "Baba Mchungaji", tulikuwa na walimu. Tuliwaita hivyo kila juma, "Mwalimu anaendelea na somo", na hakuna aliyetetemeka. Tulikuwa tumechagua neno moja kati ya matatu, lile la makanisa tuliyoyahama, tukalipiga vita hilo na kuyaacha mawili mengine yakae nasi kwa amani. Nililiuliza hilo kikaoni. Nilijibiwa kwamba mwalimu ni kazi, siyo cheo. Jibu zuri. Lakini hilo ndilo ambalo watu wa kanisa la utotoni wangesema juu ya mchungaji.

Kisha Paulo. Anawaambia Wakorintho kwamba hata wakiwa na waalimu elfu kumi hawana baba wengi, kwa kuwa ni yeye aliyewazaa kwa Injili. Mbele ya liwali wa Kirumi anasema "Festo mtukufu", bila kuona haya. Lakini Petro, akiandika kwa wazee wa makanisa, anajiita mzee mwenzao, na anapomtaja Paulo mwenyewe anasema "ndugu yetu mpenzi". Kornelio alipomwangukia miguuni, Petro alimwinua akamwambia asimame, kwani yeye naye ni mwanadamu. Nikiyaweka haya yote pamoja, sioni orodha ya maneno halali na maneno haramu. Naona watu wanaotumia heshima kwa uhuru, na wanaoshtuka inapoanza kugeuka ibada.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, hasa wale wanaosoma kwa Kiingereza. Katika tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611, neno "reverend", yaani wa kuheshimiwa, linatokea mara moja tu, Zaburi 111:9, nalo linahusu jina la Mungu. Kwa hiyo, wanasema, mtumishi anayejiita Reverend anavaa jina la Mungu. Hoja hii ilinitikisa sana nilipoisikia. Biblia yetu ya Kiswahili inasema jina lake ni "takatifu la kuogopwa". Neno la Kiebrania hapo ni nora, na neno hilohilo katika Kumbukumbu la Torati 1:19 linatumika kwa jangwa, lile jangwa kubwa la kutisha walilopita Waisraeli. Jangwa halikunyang'anya utukufu wa Mungu. Hoja iliyojengwa juu ya neno moja la tafsiri moja haiwezi kubeba mzigo wote huo, ingawa hofu iliyo nyuma yake naiheshimu mpaka leo.

Maneno yetu wenyewe yalinifundisha zaidi. Askofu limetujia kupitia Kiarabu kutoka Kigiriki, na mwanzoni ni mwangalizi tu. Shemasi, kutoka Kisiria, ni mtumishi. Kasisi ni mzee. Padri ni baba kwa Kireno. Mchungaji tumelitoa kwetu wenyewe, na kila aliyewahi kuchunga anajua kwamba hiyo ni kazi ya jua, vumbi na kulala njaa. Hakuna hata moja kati ya haya lililoanza kama taji. Yalikuwa majina ya kazi, na mengine ya kazi za chini kabisa, kisha sisi tukayapandisha ngazi mpaka yakahitaji kutanguliwa na maneno mengine. Mwangalizi akawa Askofu, Askofu akawa Baba Askofu, naye Baba Askofu akawa Mhashamu Baba Askofu. Kila neno linapozoeleka tunatafuta la kulibeba. Sijui tutaishia wapi.

Tena si kwamba wakubwa wenyewe hawakuliona. Gregori Mkuu, Papa kuanzia 590 hadi 604, alipinga vikali Patriaki, yaani askofu mkuu, wa Konstantinopoli kuitwa "Patriaki wa ulimwengu wote". Patriaki wa Aleksandria alipomwandikia yeye Gregori kwa jina kama hilo, alimsihi aliondoe, akamwambia kwamba kwa nafasi ninyi ni ndugu zangu, kwa mwenendo ni baba zangu. Nililisoma hilo nikamkumbuka mzee wangu pale mlangoni. Hapo palikuwa na mtu anayeweza kusema ndugu na baba katika pumzi moja, kwa mtu mmoja, bila jina moja kulifukuza lingine.

Na kuna habari ya maaskofu wapatao 40 wa Katoliki waliokutana tarehe 16 Novemba 1965 kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Domitilla, Roma, majuma machache kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungwa. Waliweka ahadi ya kuishi kimaskini, na moja ya ahadi zao ilikuwa kukataa kuitwa Mwadhama, Mhashamu na majina mengine ya ukuu. Wakasema wanapendelea jina la Kiinjili la Padri, yaani Baba. Nilipomsimulia habari hii rafiki mmoja wa ule ushirika wa ndugu, aliniambia kwa huzuni ya kweli: "Wameyaacha yote, wakashika lile moja ambalo Bwana alilikataza." Nilimwelewa. Niliwaelewa na maaskofu. Kwao neno lile lilikuwa kushuka. Kwake lilikuwa kupanda. Neno moja, Injili moja, na machozi ya kweli pande zote mbili.

Nililazimika kuondoka kwenye ule ushirika, lakini si kwa sababu ya Mathayo 23. Niliondoka kwa sababu ya ndugu mmoja. Hakuwa na cheo. Hakuna kikao kilichowahi kumchagua, wala hakuna aliyewahi kumwekea mikono. Lakini akikohoa, mjadala ulikwisha. Ndiye aliyeamua nani ahubiri, nani aolewe na nani, nani amepoa kiroho. Siku moja dada mmoja alijaribu kulalamika kwamba amemdhalilisha mbele ya watu, na akaulizwa: kwani yeye ana mamlaka gani? Ni ndugu tu kama sisi. Na kweli, palikuwa hapana mahali pa kupeleka shauri lake. Kwenye kanisa la utotoni mchungaji alikuwa na jina la kazi, kwa hiyo alikuwa na wazee wa kumuuliza, mkuu wa jimbo wa kumuonya, na askofu wa kumsimamisha. Huyu hakuwa na jina, kwa hiyo hakuwa na wa kumuuliza. Yohana katika barua yake ya tatu anamtaja Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza. Hatuambiwi Diotrefe alijiita nani. Labda alijiita ndugu.

Hili watu wanaopinga vyeo huwa hawapendi kulisikia, na mimi nililikataa kwa muda mrefu. Ukiondoa jina mlangoni, mwenye chumba haondoki. Anabaki mule ndani, nawe huna tena mlango wa kubisha.

Basi ndivyo nilivyofika kwenye kanisa la tatu, na kalamu ya katibu. Lilikuwa changa, lenye furaha, na mchungaji aliyelianzisha alikuwa mtu wa bidii niliyempenda. Alianza akiitwa Mchungaji. Kisha akawa Mchungaji Kiongozi, kwa kuwa palikuwa na wasaidizi. Hilo nililiona sawa. Utume ulikuja baada ya safari moja na wageni wawili waliomwekea mikono. Wapo wanaosema mitume walikoma na wale wa kwanza, na wapo wanaosoma Waefeso 4:11 wakaona huduma hiyo ingali hai. Sikutaka kuingia kwenye vita hiyo, na hata leo siyo ninayoizungumzia.

Ninachozungumzia ni kilichotokea vinywani mwetu. Kabla ya hapo tulisema, "Mchungaji, mvua itanyesha, tuahirishe." Baada ya hapo tulisema, "Baba Mtume, kama ikikupendeza, tulikuwa tunafikiri." Sentensi zilirefuka mwanzoni na kufupika mwishoni. Mhazini, mama mmoja jasiri ambaye hajawahi kuniogopa mimi wala mtu mwingine, alianza kumpelekea hati za malipo kwa magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti. Nilimuuliza, akasema hata yeye hajui ilianza lini.

Mzee wangu, yule mchungaji wa utotoni, alifariki mwaka huohuo. Nilikwenda. Familia waliniomba niandike maneno ya msalaba wa kaburi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na kwa sababu, nadhani, walijua nina deni. Nilimuuliza mjane tuandikeje jina. Nilikuwa na wazo la kuandika "Mtumishi wa Mungu", maana nilidhani angelipenda unyenyekevu wake uonekane.

Mama Mchungaji alinitazama. "Andika Mchungaji," akasema. "Alichunga miaka 41. Usimwandike kama mgeni."

Nilikaa na rangi na kibao nikakumbuka kesi niliyowahi kuisoma, ya kijiji cha Owston Ferry huko Uingereza. Mwaka 1874 mchungaji wa Kimethodisti, Henry Keet, alitaka jiwe la kaburi la binti yake liseme kwamba huyu ni binti wa Reverend Keet. Kasisi wa Anglikana aliyesimamia makaburi alikataa, kwa kuwa kwake jina lile lilikuwa la makasisi wa kanisa lake tu. Shauri lilipanda ngazi kwa ngazi, askofu akamuunga mkono kasisi, mahakama za kanisa nazo hivyohivyo, mpaka mwaka 1876 Baraza la Malkia liliposema kwamba neno lile si mali ya kanisa lolote. Ni neno la heshima tu, na Keet aruhusiwe. Baba aliyefiwa na mtoto alipiganishwa mahakamani kwa neno moja juu ya jiwe. Zamani ningesema Keet naye angeliacha tu, unyenyekevu ungemtosha. Nikiwa na kile kibao mapajani sikuweza tena kusema hivyo. Niliandika Mchungaji, herufi kubwa, na mkono ulinitetemeka kwenye herufi ya kwanza. Ukiangalia vizuri utaona.

Njiani kurudi nilifikiria tofauti kati ya kibao kile na barua ile. Jina la mzee lilikuwa limetoka kwetu kwenda kwake, na kwa miaka 41 lilikuwa likimdai yeye: aamke usiku, akae na wafiwa, asome vitabu vya hesabu mbele ya washirika wote. Yeyote angeweza kusema "Baba Mchungaji" kisha akaendelea na "hapa umekosea". Nilikumbuka mkutano wa mwaka nikiwa mtoto, mzee mmoja alisema maneno hayohayo, na mchungaji akajibu, "Kweli, nimekosea." Jina halikupasuka. Lakini lile la Mtume lilitoka kwake kuja kwetu, kwa kalamu nyekundu, na lilikuwa likitudai sisi. Nilipolitamka, kinywa changu hakikuweza kuendelea.

Paulo alimwita Petro nguzo, na mistari miwili tu mbele anasema alishindana naye uso kwa uso, kwa sababu alistahili hukumu. Nimeisoma Wagalatia 2 mara nyingi tangu siku hiyo. Sasa ndicho ninachokiuliza juu ya jina lolote la heshima kanisani, la zamani au jipya, la Kilatini au la kwetu: je, ukishalitamka, sentensi inaweza kuendelea? Ikiwa ndiyo, mpe mtu jina lake na usimvue. Ikiwa hapana, basi kuna kitu kimekaa mahali pa Kristo, hata kama kinaitwa ndugu.

Juma lililofuata niliandika barua nyingine. Juu niliandika "Kwa Mheshimiwa Baba Mtume", maneno yote, bila kupunguza hata moja. Nilijua nikiacha neno hata moja tungebishana juu ya neno, na wajane wangesahauliwa. Mstari wa pili nikairudisha aya ya tatu kama ilivyokuwa kabla ya kulainishwa. Sikuipeleka ofisini. Niliisoma kwa sauti kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mhazini akiwa kulia kwangu.

Palikuwa kimya. Mtume aliniuliza, na hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyeshangaa: "Unajua unazungumza na nani?"

"Najua, Baba Mtume," nikasema. "Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Alitazama meza kwa muda mrefu. Kisha mhazini, ambaye safari hii alikuwa amekaa kwenye kiti kama sisi sote, akauliza daftari liletwe lini, na wazee wawili wakadakia kwamba nao wanataka kujua. Liliwekwa mezani Alhamisi iliyofuata. Zile hati mbili zilikuwamo, na tulianza kuzihesabu upya kuanzia ukurasa wa kwanza.